Mbeleko Katika Chujio la Oili

Saumu mwanangu,

Assalamu alaykum. Mama yako amepita hapa bandani sasa hivi, akachungulia karatasi na kuniuliza kama nimeanza kwa salamu, maana kwake barua isiyo na salamu ni sawa na tangazo la kukatiwa maji. Basi salamu hiyo, ipokee. Sisi wazima. Na wewe u mzima, najua, kwa sababu nakusikia kutoka hapa ukibishana naye juu ya zipu ya begi. Ni ajabu kumwandikia mtu ambaye sauti yake inanifikia. Lakini haya ninayotaka kukuambia nimejaribu kuyasema kwa mdomo mara nyingi, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula.

Alasiri imeshapita, watu wametoka msikitini, nami nimeegemea boneti ya pikapu naandika. Kesho ukishaswali alfajiri unaondoka kwenda Mwanza, chuoni. Habari za kula, za kulala, za marafiki wa kuwakwepa na za kuanika nguo ndani, mama yako amezimaliza, na shangazi yako ameongeza zake kwa simu kutoka Saadani. Huko sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, nalo lina miaka mitano.

Jumapili iliyopita mlikuwa mnachambua mchele uani, wewe na mama yako. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta natafuta koleo. Mama yako akakuuliza kwa nini kwenye fomu ya chuo umejaza ushonaji, na ufundi wa magari upo, tena wametoa wiki nzima ya kubadilisha baada ya kuripoti. Ukamjibu, "Mama, mikono yangu haifai kwa injini. Si niliua injini ya baba?" Ulisema bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja kijiji alikozaliwa. Koleo nilikuwa nimeshaliona, lakini nilisimama pale ukutani mpaka mchele ukaisha.

Saumu, hukuiua injini ile. Niliiua mimi. Na nimelijua hilo tangu siku ya tatu baada ya kuharibikiwa njiani.

Sasa ngoja nieleze sawasawa, maana fundi anayesema injini imekufa bila kusema imekufaje, huyo ni mpiga ramli.

Unakumbuka gari lilivyokuwa kabla hatujalifumua. Lilikuwa linakula oili kuliko petroli, na linatoa moshi wa bluu mpaka vijana wa kituoni Zinga wakawa wananitania kwamba Baba Saumu anafukiza ubani barabara nzima. Ulikuwa umemaliza mtihani wa kidato cha nne, upo nyumbani unasubiri matokeo. Ni wewe uliyesema ringi za pistoni zimekwisha, kabla sijafungua hata nati moja. Ulikuwa umekaa juu ya lile kreti la soda, miguu haitulii, ukasema, "Baba, moshi ukiwa mweupe ni maji, ukiwa mweusi ni petroli imezidi, huu wa bluu ni oili inapanda juu." Nilikufundisha mimi hayo, ukiwa na miaka kumi na mmoja. Lakini nilipoyasikia yakitoka kwako nilijiona mtu mkubwa. Jioni ile nilikwenda kijiweni kutamba. Nikasema binti yangu ana sikio na jicho la injini, na kwamba hii pikapu tutaifumua wawili, hapa hapa nyumbani, bila kuipeleka kwa fundi yeyote. Wakacheka. Nami nikazidi kutamba.

Majigambo hayo yaweke akilini, kwa sababu ndiyo yaliyotuponza baadaye.

Tukaishusha injini kwa mnyororo, tukaufunga kwenye boriti ya banda, huku mama yako akikataa katakata kupita chini yake. Pistoni ukazipanga juu ya mkeka kwa zamu zake, ya kwanza mpaka ya nne, kila moja na konrodi yake, ule mkono wa chuma unaoishikilia. Fundi Mrisho wa mjini akatuazima ile spana yake ya kipimo, inayolia "ka" nati ikifikia ukazo wake. Nikakuachia wewe nati za konrodi. Nilikuwa nakuangalia. Kila nati ukiifunga, ukisikia "ka", unachukua rangi ya kucha ya mama yako, nyekundu, unachora mstari mwembamba kutoka kwenye nati mpaka kwenye konrodi. Nikakuuliza huo urembo wa nini. Ukasema, "Ikilegea, mstari utakatika. Tutajua." Hukufundishwa na mtu. Hata Fundi Mrisho, ambaye hajamsifu mtu tangu nimjue, alisema, "Huyu wako huyu, mm." Kwake hiyo ni hotuba.

Kisha ikaja siku ya kusafisha uso wa juu wa bloku ili tufunge silinda hedi, ule mfuniko wake wa juu. Na unajua huku kwetu, upepo ukivuma kidogo mchanga unaingia hata kwenye chai. Nikasema tuzibe mashimo yote, mchanga na mabaki ya gasketi ya zamani yasije yakaangukia ndani. Nikaingia ndani, nikavuta kanga kuukuu ya juu kabisa kwenye kapu la nyuma ya mlango, nikaichana vipande, nikaanza kuziba. Ukaniambia, "Baba, tuhesabu tuliyoziba, ili wakati wa kuzibua tuhesabu tena." Nikakujibu kwamba hesabu ni za darasani.

Naliandika hilo na mkono unataka kukataa. Hesabu ni za darasani. Mtoto ananifundisha ufundi, nami namjibu kwa kejeli, kwa sababu tu ni yeye aliyeliona kwanza na mimi sikuliona.

Wakati wa kuzibua ukafika, na Mzee Kondo naye akafika. Mananasi yake yalikuwa yameshaanza kuiva Kiwangwa, akataka kujua gari litakuwa tayari lini. Wewe ulikuwa umekwenda kuchota maji. Nikawa nazungumza naye huku navuta vitambaa, huku nasema kesho inshallah, huku nacheka. Kimoja kilikuwa kimezama ndani ya tundu la kurudishia oili chini, nami sikukiona. Tukafunga hedi juu yake.

Siku tuliyoiwasha, mwanangu, unaikumbuka? Iliguna mara mbili, ikashika. Taa ya oili ikazimika kama ilivyo desturi, moshi ukatoka mweupe kidogo wa unyevunyevu, kisha hakuna kitu. Hewa safi. Mama yako alipiga kigelegele pale mlangoni na mwiko mkononi. Wewe uliweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, ukakiacha pale, unasikiliza kwa mkono. Katika maisha yangu sijawa na dakika nzuri kuliko ile, na nakwambia ukweli, siku ya harusi yangu naiweka ya pili. Mama yako asisome hapa.

Kesho yake tukaenda Kiwangwa, tukapakia, tukarudi watatu pale mbele, wewe katikati, Mzee Kondo dirishani. Tulipolivuka daraja la Ruvu na gari likaanza kuvuta mzigo, taa ya oili ikapepesa. Wewe ndiye uliyeiona. Ukasema, "Baba, taa." Nikasema ni waya umelegea. Ukasema tena, kwa sauti ya chini ili Mzee Kondo asisikie, ili usiniaibishe, "Baba, simamisha." Sikusimamisha. Nilikuwa nimetamba kijiweni, nina mgeni dirishani, na gari lina siku moja tangu lifumuliwe. Mtu wa namna hiyo hasimami kwa sababu ya taa. Baada ya mwendo mfupi tu tukasikia ko, ko, ko kutoka chini, na sauti hiyo wote tuliijua.

Niseme lililobaki. Tukashuka. Vijana wawili wa bodaboda wakasimama kutazama, halafu wengine. Wewe ulikuwa umeshika jiwe, unataka kuzuia tairi. Mzee Kondo akasema, "Ndiyo matunda ya kumpa mtoto wa kike spana." Watu wote wakaniangalia mimi. Nami, badala ya kusema gari ni langu na kosa ni langu, nikasema, "Konrodi alizifunga yeye. Nilimwamini, sikurudia kukagua."

Uliliweka jiwe nyuma ya tairi, taratibu, ukahakikisha limekaa. Ukajifuta mikono kwenye dera. Kisha ukaenda kukaa ng'ambo ya barabara, peke yako, mpaka gari la kutuvuta lilipokuja.

Kesho yake ukaomba ruhusa ya kwenda kwa shangazi yako Saadani. Nikakuruhusu haraka haraka, kwa kuwa nilishindwa kukutazama.

Siku ya tatu nikaifungua injini peke yangu. Nilianzia chini, nikatoa sampu, lile bakuli la oili, na pale kwenye chujio la pampu ya oili nikakikuta. Kipande cha kanga, kimejiviringisha kwenye wavu wa chujio, kimeganda kwa oili, kimeziba karibu pande zote. Ikiwa injini inazunguka polepole, oili ilikuwa inapita kwa shida lakini inatosha. Ikivuta mzigo, haipandi. Ndiyo sababu taa ilizimika nyumbani, ikaja kupepesa njiani. Beringi ya konrodi ya tatu ilikuwa imeliwa mpaka chuma.

Halafu nikatazama nati zako. Zote nane. Mistari myekundu ilikuwa mizima, haijakatika hata mmoja. Ile konrodi ya tatu, ambayo niliisingizia mbele ya watu, nati zake nilizilegeza kwa kuning'inia kwenye spana. Nilikaa chini kwenye mchanga, na sitakuficha, nililia. Nikasema nafsini mwangu, akirudi tu kutoka Saadani namwambia.

Ukarudi baada ya wiki mbili, nguo zinanuka moshi wa samaki, ukanipa shikamoo yangu vizuri kama siku zote. Nikakuitikia marahaba. Nikakuuliza kama umekula.

Nimejiuliza sana kwa nini sikusema. Sina jibu moja. Siku ya kwanza niliona haya. Mwezi wa kwanza nilijiambia umeshasahau, maana ulikuwa unacheka kama zamani, na ulianza kujifunza kushona kwa jirani. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, jambo lenyewe likawa zito kuliko kosa lililolizaa, kwa kuwa sasa ningelazimika kueleza na ukimya pia. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua miaka mitano, na kila siku niliyoitembea ni wewe uliyekuwa umebeba mzigo. Nilifikiri umepona kwa sababu hulalamiki. Mwenye kovu usimdhani kapoa, na hilo nalo nililijua, nikalisahau lilipokuwa na faida kwangu kulisahau.

Mama yako aligundua. Kitambaa nilikificha ndani ya kopo la misumari. Siku moja anatafuta msumari wa kuning'iniza kioo, akakitoa. Akakitandaza kwenye goti. Akaniambia, "Baba Saumu, hii ni mbeleko ya Saumu. Nilikuwa naitafuta. Imefikaje humu?"

Mimi sikujua, mwanangu. Wallahi nilidhani ni kanga kuukuu tu. Ni ile aliyokubebea mgongoni tangu una siku arobaini, aliiweka juu ya kapu aifue aihifadhi. Ilikuwa ya maua meusi na pindo la njano, na kipande kile hakikuwa hata na maandishi, ni maua mawili na oili. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, na unajua mama yako hasikilizi mtu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Siku wakwe watakapokuja kuniletea mbeleko yangu, wakiniuliza ile ya zamani iko wapi, nitawaambia imeliwa na pikapu." Akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka akasema, "Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyemnyang'anya." Tangu hapo, kila mwezi wa Ramadhani ukiandama, mwezi uliozaliwa wewe, ananiuliza swali moja tu, "Tayari?" Nami najibu bado.

Usimlaumu. Alitaka kitoke kwangu.

Sasa nataka nikukumbushe siku mbili, halafu nikuache ufunge begi lako.

Ya kwanza ni nilipokuwa naiunganisha injini upya, peke yangu, baada ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na konrodi, kurudi kutoka kuchongwa Dar. Nilifunga kila kitu, nikapiga stata. Haikuwaka. Ilikuwa inalipua kupitia kwenye kabureta kama bunduki, mbuzi wa jirani wakakimbia. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha waya. Nikachezea kabureta, nikagusa na muda wa valvu, vyote kwa pamoja, mpaka nikawa sijui kipi nilichoharibu mimi na kipi kilichokuwa kibovu tangu mwanzo. Siku tatu. Siku ya tatu wewe ulipita uani na ndoo kichwani, hukuwa na habari nami. Ikalipua. Hukusimama, hukugeuka, ulisema tu, "Baba, distributa umeifunga kinyume," ukaendelea na maji yako. Nikaitoa distributa, inayogawa moto kwenye plagi, nikaigeuza nusu mzunguko. Ikawaka kwa mguso wa kwanza.

Sikukushukuru. Nilisubiri mpaka umeingia ndani ndipo nikaiwasha, ili usione kwamba ni lile lile ulilosema. Uliisikia, bila shaka. Kila mtu Zinga aliisikia.

Nilichojifunza siku hizo tatu nitakupa, nawe ukitupe au ukiweke. Injini ikikataa, isikilize kwanza, mikono ikiwa mfukoni. Gusa kitu kimoja, kijaribu, ndipo uguse kingine. Na chunguza kwanza kile ulichokifunga wewe mwenyewe mara ya mwisho, kabla hujamtilia shaka mtu au kifaa. Mimi nilifanya kinyume. Pale darajani nilitafuta mwenye kosa kabla sijatafuta kosa, na mtu akishampata mwenye kosa anaacha kabisa kutafuta. Laiti ningefungua sampu pale pale barabarani, mbele ya Mzee Kondo na wale vijana, tungekiona kitambaa sote, ningecheka kwa aibu siku moja, na wewe ungekuwa fundi sasa hivi.

Siku ya pili ni Jumatano hii. Gari lilianza kumisi, linatetemeka, nikakuita uje usikilize. Ukaja ukasimama mlangoni mwa banda, hukuvuka kizingiti. Ukasikiliza kidogo ukasema, "Plagi moja haichomi. Ya pili nadhani." Nikakwambia haya, itazame. Ukaweka mikono nyuma ya mgongo. Ukasema, "Mwite fundi, baba." Ukaondoka.

Saumu, gari halikuwa na ugonjwa. Waya wa plagi ya pili niliuchomoa mwenyewe. Nilisikia ulichomwambia mama yako kwenye mchele, nikakaa siku tatu nafikiri, na akili yangu yote ya uzee ikanipa hila ile. Nilitaka tu uingie humu. Nilidhani ukigusa mara moja mikono itakumbuka, na mimi nitaokoka bila kusema kitu. Kumbe bado nilikuwa nakwepa. Nilipoiona mikono yako imejificha nyuma, na ni mikono iliyokuwa ikisikiliza injini kwa kiganja, nikajua hapana, hili halitibiwi kwa hila.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda Kiwangwa. Nilimkuta Mzee Kondo na wazee wenzake, nikamwambia yote mbele yao, kitambaa, taa, nati zako na rangi yake. Nilianza na yeye kwa kuwa kumwambia yeye ni rahisi kuliko kukwambia wewe, nakiri. Akasema, "Mananasi yale yameshaoza zamani, Baba Saumu. Kamwambie mwenye mikono." Kisha akatikisa kichwa akasema na yeye siku ile alisema neno lisilofaa, na ananiomba nikufikishie. Nimelifikisha.

Sikuandikii ili unisamehe upesi. Kama hasira itakuja, iache ije, ni haki yako na imechelewa miaka mitano. Naandika kwa sababu unakwenda kuchagua, na sitaki uchague kwa ushahidi wa uongo niliotoa mimi. Ukitaka ushonaji, shona. Gauni la idi ulilomshonea mama yako limekaa vizuri, nami nalipenda. Lakini lichague kwa kuwa unalipenda, si kwa kuwa baba yako alikuambia kwamba mikono yako inaua.

Nami nitakukumbuka, mwanangu. Sijui niliandike vipi hili lisifanane na malalamiko. Nimekukosa miaka mitano ukiwa nyumba hii hii, nakusikia unacheka upande wa pili wa ukuta, na kila nikiinama chini ya boneti mkono wangu unanyooka wenyewe kupokea spana ambayo hakuna anayenipa. Lile kreti la soda mama yako alilichukua akawekea ndoo. Nililirudisha bandani. Akalichukua tena, nikalirudisha tena, mpaka akaelewa akaacha. Sijawahi kulikalia. Kesho utakuwa mbali kweli, na ajabu yake ni kwamba sijui kama nitakukosa zaidi au nitakukosa vile vile nilivyozoea. Natamani siku moja tu ya zile za zamani, ukiniuliza maswali mpaka nachoka nakufukuza. Nisingekufukuza.

Nilitaka nikupe barua hii stendi, uisome basi likiwa limeshaondoka. Mama yako amekataa. Amesema utaisoma nyumbani, baada ya alfajiri, pamoja na chai, mimi nikiwepo. Amesema inatosha kukimbia. Kwa hiyo yeye ndiye atakayekupa.

Ndani ya bahasha kuna kitu kimefungwa. Ukikifungua utaona ni kile kitambaa, nimekifua kwa sabuni mara nne na oili haijatoka yote. Ndani yake kuna nati moja ya konrodi ya tatu. Nilipofunga injini upya nilitumia nati mpya, hizi zako nikazihifadhi. Rangi bado ipo, itazame kwenye mwanga.

Mimi nitakuwa bandani, boneti nimeifungua. Ukitaka kuja kunisema, njoo, nitasimama nisikilize mpaka mwisho. Ukitaka kupita moja kwa moja na begi lako mpaka barabarani, pita, mama yako ameshaongea na kijana wa bajaji. Lakini ukikubali nikupeleke mimi Dar, kwenye basi la Mwanza, jua kwamba ule waya wa plagi ya pili sijaurudisha tangu Jumatano. Kwa silinda tatu tutafika, tutatetemeka njia nzima, ila tutafika. Nami sitaugusa, wala hautaguswa na fundi mwingine. Hauhitaji hata spana, mwanangu. Ni wa kuchomeka kwa mkono tu.

Ni mimi baba yako,
Shabani